Mbio nazivumilia, mbona kumuuguza mama kunanishinda?

Assalaam aleykum mama mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Naishi Chumbageni pamoja na mama yangu mzazi, ambaye alipatwa na kiharusi, na huu ni mwaka wa nne tangu upande wake wa kulia ulegee. Maneno yamempotea. Lililobaki mdomoni mwake ni "haya", na kwa neno hilohilo hukubali, hukataa, hushukuru na hulia. Mchana niwapo kazini anakaa na dada wa kazi. Kuanzia alasiri hadi asubuhi ni mimi. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, hutuma fedha kila mwezi wala ya kutolea haisahau, lakini kuja huja sikukuu. Dada yangu ameolewa Korogwe na ana watoto wadogo.

Mwaka jana nilijiunga na kundi la joging la mtaani kwetu. Siku tatu kwa wiki, baada ya swala ya alfajiri, tunatoka Chumbageni, tunaifuata barabara ya Raskazone kando ya bahari, na tunarudi kabla jua halijakuwa kali. Nilianza kwa kutafuta afya, kwa kuwa presha ilishaanza kuninyemelea, lakini sasa najiandaa kwa mbio za kilomita 21. Humo nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kuyashika kwa kusikiliza mawaidha: kwamba uchovu hupanda na kushuka, kwamba mguu unaosema hauwezi mara nyingi bado unaweza, na kwamba anayeanza kwa pupa ndiye wa kwanza kuketi chini ya mti. Mwenzangu mmoja, ambaye ni Mkristo, alinisomea Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, panapoambiwa watu wapige mbio kwa saburi katika mashindano yaliyowekwa mbele yao. Nami nikakumbuka kwamba na sisi tumeamrishwa tujisaidie kwa subira na sala. Nikaanza kujiona mtu wa subira.

Sasa ndipo penye aibu yangu. Jioni moja mwezi uliopita, baada ya kutwa nzima ya kusahihisha madaftari, nilikuwa namlisha mama uji. Uji ukamwagika upande ule uliolegea, nikampangusa; ukamwagika tena, nikampangusa; kisha akaushika mkono wangu kwa ule wake mzima na kuusukuma, kijiko kikaanguka. Nilimfokea mama yangu kwa sauti ambayo sijawahi kumfokea hata mtoto darasani. Akanitazama, akasema, "Haya."

Siku chache baadaye nilirudi kutoka mbioni nikamkuta amelowa, na dada wa kazi amelala. Mama mdogo alikuwa amekuja kutusalimia, akayaona hayo, akaniambia mbele ya majirani kwamba nazikimbia radhi za mama, na kwamba mwenye subira hukaa na mgonjwa wake, haonekani barabarani akihema, mwanamke mzima.

Lipo na jambo la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Nikikimbia huhesabu kilomita zilizobaki. Usiku mmoja nikiwa nambadilisha mama nilijikuta nahesabu vilevile, nikajiuliza imebaki kiasi gani, na hapohapo nikaelewa ninachokiuliza. Tangu usiku ule sijalala vizuri.

Je, niache mbio? Je, subira yangu ni ya barabarani tu, nyumbani haifiki? Na je, inafaa kuleta dhikri nikiwa nakimbia, au ni kuifanyia mchezo?

Mkimbiaji aliyechoka,
Chumbageni, Tanga

JIBU

Waaleykum salaam, marahaba mwanangu.

Naanza na kijiko cha uji, kwa sababu hapo hapahitaji tafsiri ndefu. Katika Suratul Israa, aya ya 23, tumekatazwa kuwaambia wazazi waliofikia uzee hata "ah", sembuse kuwafokea. Umelijua hilo kabla hujaniandikia, ndiyo maana limekuuma. Basi kaa upande wake wa kushoto, mshike ule mkono wenye nguvu, umwombe radhi kwa maneno kamili kama ungemwomba angali mzima. Usidhani kwa kuwa amebakiwa na neno moja ndiyo kwamba haelewi. Watu wengi wanaopotewa na maneno baada ya kiharusi huelewa mengi zaidi ya wanayoweza kuyasema, na mama yako alikuelewa jioni ile.

Nakuomba pia ufikirie kwamba kuusukuma mkono wako kulikuwa ni kusema. Kiharusi huathiri hata kumeza, na uji mwepesi ni mgumu kuutawala mdomoni kuliko uji mzito kidogo. Mgonjwa anaweza kuwa anakaribia kupaliwa huku mlishaji akidhani anadeka. Mketishe wima, kijiko kipite upande usiolegea, tonge liwe dogo, na usilete la pili mpaka umeona koo limemeza. Siku mtakayokwenda hospitali ya Bombo, omba wamwangalie kumeza kwake na wakuelekeze mazoezi ya viungo vyake. Huenda sehemu ya kile ulichokiita kukosa subira ilikuwa ni kukosa mtu wa kukuelekeza.

Ama mama yako mdogo, ana haki ya kuumia kwa kumkuta dada yake amelowa, na kwa hilo nitarudi. Lakini aliposema kwamba subira ni kukaa, hapo sikubaliani naye, na hoja yangu siitoi kwa wakimbiaji bali kwa Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail. Katika masimulizi ya Ibn Abbas yaliyomo katika Sahihi ya Bukhari, mama yule alibaki bondeni na mtoto anayenyonya, maji yameisha, mtoto anagaagaa kwa kiu. Alipanda kilima cha Safa akatazama kama ataona mtu, hakuona. Akashuka, na alipofika bondeni aliinua pindo la nguo yake akakimbia kama akimbiavyo mtu aliyelemewa na dhiki, mpaka akalivuka bonde, akapanda Marwa, akatazama, hakuona mtu. Alifanya hivyo mara 7. Kila anayekwenda Makka kwa Hija au Umra huzirudia hatua zile, takriban kilomita 3 kwa jumla, na sijawahi kumsikia mwanachuoni akisema Bi Hajar alipungukiwa subira kwa kuwa hakuketi kumtazama mtoto. Wanachuoni wetu wameigawa subira mafungu matatu: subira ya kudumu katika utiifu, subira ya kujizuia na maasi, na subira ya kupokea misiba. Fungu la kwanza ni kazi ya mikono na miguu kila siku, nalo ndilo lako. Na kuhusu mwanamke mzima kuonekana anakimbia, Bi Aisha amesimulia, katika Sunan ya Abu Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye. Vaa vazi la stara, kimbia na wenzako, na maneno ya barazani yaache barazani.

Dhikri nayo inafaa. Suratul Aal Imran, aya ya 191, inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wima, wakikaa na wakilala. Anayekimbia hakutolewa humo. Ila usije ukazama katika tasbihi ukasahau bodaboda zinazokuja nyuma yako.

Sasa nije kwenye swali ambalo naona ndilo lililokufanya ushike kalamu: kwa nini unavumilia barabarani na nyumbani unashindwa. Umejihukumu kwamba ni unafiki. Mimi naona sababu ni kwamba barabarani unafuata kanuni za mbio, na nyumbani umeziacha zote. Mwalimu yeyote wa mbio ndefu atakwambia kwamba kilomita nyingi za mazoezi ziende kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenziwe bila kukatika pumzi, kwamba maji yanywewe kabla kiu haijabana, na kwamba siku ya mapumziko ni sehemu ya mazoezi, kwa kuwa misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Mwili wa mkimbiaji una akiba ya sukari katika misuli na ini, na kwa wengi wanaokwenda kilomita 42 akiba hiyo hukaribia kuisha baada ya kilomita ya 30. Aliyetoka kwa kasi tangu mwanzo huimaliza mapema zaidi, na ikiisha hamna ushujaa unaoirudisha. Ni miguu mizito tu. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo, Septemba 2025, alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, baada ya saa 2 na dakika 9 za kukimbia. Mtu aliyetapanya nguvu zake mapema hawi na kitu cha kuongeza katika hatua zile za mwisho.

Wewe unatoka shuleni akiba imeisha, unaingia zamu ya pili inayokwenda hadi alfajiri, bila kituo cha maji, bila siku ya kupumzika, mwaka wa nne. Ukafoka juu ya kijiko. Kosa lipo, na nimekwisha kukwambia namna ya kulitubia, lakini ukilitubia kosa bila kuubadilisha mwendo uliolileta, litarudi. Iko hadithi katika Bukhari isemayo kwamba dini hii ni nyepesi, na hapana anayejikalifisha nayo kupita kiasi ila itamshinda. Na imekuja pia kwamba mwende kwa wastani, kwa wastani, mtafika. Hadithi hiyo ilisemwa juu ya ibada. Kumuuguza mzazi ni ibada, kwa hiyo nayo ina mwendo wake, na anayeibeba kama kwamba ni ya wiki moja huishia kumchukia anayempenda.

Hapa najua watu watakutolea habari za John Stephen Akhwari, kwa kuwa nchini kwetu hapana kikao cha kutiana moyo kinachopita bila jina lake. Ni haki yake. Mtu yule wa Mbulu, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, mjini penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, alianguka akaumia goti vibaya, akaendelea, na akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kote kule ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Lakini wanaoisimulia habari hii kwa kumhimiza mtu aliyelemewa hulisahau goti lenyewe. Akhwari alifungwa bendeji. Wako watu waliompa huduma, na yeye hakuona haya kuipokea. Baada ya hapo palipomlazimu kutembea alitembea. Tena siku ile walianza watu 75 na waliomaliza ni 57. Hao 18 walioishia njiani hakuna anayewaita waoga, kwa sababu mkimbiaji anajua uchovu ni kitu kimoja na jeraha ni kitu kingine: uchovu umeenea mwili mzima na hupungua ukipunguza mwendo, jeraha limekaa mahali pamoja, huzidi kila hatua, na hukubadilisha namna unavyokanyaga.

Jichunguze kwa kipimo hicho. Ukiwa unalala ukaamka unafuu, huo ni uchovu. Ikiwa usingizi hauji hata siku ambayo mama kalala vizuri, chakula hakina ladha, machozi hutoka bila sababu, na hasira inakuja kwa vitu vya ukubwa wa kijiko, mwanangu, hilo ni jeraha, na linahitaji daktari kama goti linavyomhitaji. Mweleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi, na presha ipimwe siku hiyohiyo.

Kuhusu kuhesabu. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako zaidi ya sehemu nyingine, na nataka uelewe mambo mawili. Kwanza, Mtume ametufundisha, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayopita nafsini maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Lililokupitia usiku ule lilikupitia; ukalichukia papo hapo. Hukumtakia mama mauti, ulitamani uchovu ukome, na nafsi iliyochoka haitofautishi vizuri mambo hayo mawili usiku wa manane.

Pili, na hapa ndipo mbio zinapoacha kukufundisha: marathoni ni kilomita 42 na mita 195, umbali uliokimbiwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1908, na kila anayejipanga kwenye mstari anaujua kabla hajainua mguu. Ndiyo maana kuhesabu kunamsaidia. Umbali wako haukuandikwa kwenye kibao chochote. Kila ukitaka kuhesabu utapata jibu moja tu, ambalo hulitaki, kwa hiyo hesabu ya kilomita zilizobaki ibaki Raskazone. Nyumbani hesabu kama Bi Hajar, ambaye hakuwa na habari kwamba safari zake zingekuwa 7. Yeye alikuwa na kilima kimoja mbele yake, akakifikia, akatazama, akageuka. Kwako kilima ni kumgeuza mama asipate vidonda vya kulalia, jambo linalotakiwa kila baada ya saa mbili hivi. Kingine ni kufikisha dawa ya usiku, kingine ni adhana ya alfajiri. Ukikifikia, umekimaliza, na cha mbele yake bado hakijawa chako. Nakukumbusha pia kwamba maji ya Zamzam hayakutokea Safa wala Marwa alikokuwa akikimbilia. Yalitokea kule alikolala mtoto, na mama yule alisikia sauti akiwa juu ya kilima, katika safari yake ya mwisho, ndipo akayaona.

Usiache mbio. Lakini zile kilomita 21 ziweke kando msimu huu. Najua hilo halikupendezi. Mtu hapandishi mizigo miwili kwa wakati mmoja, na wewe mzigo wa nyumbani umekwisha kupanda. Kuongeza umbali sasa kutakupeleka ama kwenye jeraha la mguu ama kwenye kijiko kingine. Zibakize asubuhi zako tatu kwa umbali unaouweza bila kujikamua, na siku unayotoka, mtu mzima aliye macho awe ameketi chumbani mwa mama kabla hujafunga kamba za viatu. Mama kulowa hakukuletwa na mbio. Kuliletwa na kuondoka bila kumkabidhi mtu. Dada wa kazi ambaye kutwa yuko na mgonjwa, naye anachoka, na si haki kumdai zamu ya alfajiri bila kumwongezea malipo na kumpa siku yake. Na kwa kuwa mama mdogo amekwisha kuonyesha uchungu wake kwa dada yake, mfuate kwa heshima, umwombe alfajiri moja kwa wiki. Akikubali, utakuwa umepata msaidizi, na lawama zake utazisikia kwa sikio jingine.

Mstari ule wa Waebrania aliokusomea mwenzako kwanza huwataka watu waweke kando kila mzigo mzito, ndipo wapige mbio. Kuna mzigo mmoja ulioubeba ambao si wako: ule wa kaka na dada yako. Fedha ya kaka ni msaada mkubwa, sitaki uidharau, wapo wanaouguza bila hata hiyo. Ila radhi za mama hazitumwi kwa simu, na ukiendelea kunyamaza unamnyima nafasi ya kuzitafuta. Itisha kikao cha familia likizo ijayo ya shule, mbele ya mjomba au mzee mmoja anayesikilizwa na wote. Dada wa Korogwe hawezi kuhama na watoto wadogo, lakini anaweza kumpokea mama kwa siku kadhaa au kuja mwisho wa wiki mmoja katika mwezi. Kaka ana likizo yake ya mwaka. Achukue wiki moja, alale chumba cha pili, amgeuze mama yeye mwenyewe usiku. Usiende kwenye kikao hicho na neno "nimechoka", kwa sababu atakupa pole na kuongeza fedha. Nenda na tarehe: "Kaka, kuanzia Jumamosi hii mpaka Jumamosi inayofuata zamu ni yako, mimi nitakuwa kwa dada Korogwe." Na kabla hajafika, muandikie kwenye karatasi saa za dawa, upande wa kupitishia kijiko, na namna ya kuitambua "haya" ya kukataa.